Utafiti Uliofanyika Kwetu Urudi Kwetu



Mwezi Septemba mwaka 2003 timu ya watafiti ilifika Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Geita. Watu 180 wa hapo walikubali kupimwa. Walitoa damu, mkojo na nywele, wakaulizwa juu ya kazi zao na afya zao, kisha wakaombwa kufanya mambo ambayo mpita njia angedhani ni mchezo: kufumba macho na kugusa ncha ya pua kwa kidole, kutembea wakifuata mstari, kugonga karatasi kwa penseli kwa kasi. Watu wengine 31 wasiofanya kazi hiyo walipimwa Katoro, ili pawe na wa kulinganisha nao.

Watafiti walitaka kujua zebaki inawafanya nini watu wanaoitumia kupata dhahabu. Makala yenye matokeo hayo ilitoka mwaka 2010 katika jarida la kisayansi liitwalo Science of the Total Environment. Miaka saba ilikuwa imepita. Tena makala yenyewe ni ya Kiingereza cha madaktari na wanakemia, kiasi kwamba mama anayechoma dhahabu jikoni kwake asingeielewa hata kama angeletewa mlangoni.

Kanda yetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, imechunguzwa na wasomi wengi: madaktari, wachumi, wataalamu wa misitu, wachunguzi wa jamii. Mengi waliyoyaandika yanagusa uhai wa watu tunaokutana nao kila Dominika. Katika makala hii tunaeleza baadhi ya tafiti hizo, namna utafiti unavyofika jaridani, na namna ya kuusoma bila kuupa uzito usio wake. Tunawaandikia mafrateri wenzetu, makatekista na waamini wote, kwa sababu tunaamini kwamba elimu iliyotoka kwenye miili na vijiji vya watu wetu ni haki yao.

Zebaki ya Rwamagasa

Anayejua machimbo anajua kazi ilivyo. Mawe yanatolewa kwenye maduara, yanasagwa kwenye makarasha, na unga wake unaoshwa mwaloni. Ule mchanga mzito unaobaki unachanganywa na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge hilo linakamuliwa kwenye kitambaa, kisha linachomwa. Zebaki inaruka hewani, dhahabu inabaki.

Hatari kubwa iko katika hatua hiyo ya mwisho. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 yake hubaki mwilini kupitia mapafu. Kutoka hapo husafiri na damu hadi kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Dalili zake hazifanani na za ugonjwa wa ghafla. Mikono hutetemeka, mwendo hupoteza mizani, mate hujaa, mdomo huwa na ladha ya chuma, usingizi hukimbia. Ni rahisi mgonjwa kuambiwa ana malaria, au amerogwa.

Watafiti wa Rwamagasa waligundua kwamba wenye zebaki nyingi mwilini walikuwa hasa wale wanaochoma. Takriban robo ya wachomaji waliopimwa walikuwa na sumu ya zebaki kwa kiwango cha kuitwa wagonjwa. Tena, walipochunguza aina ya zebaki iliyokuwa kwenye nywele, waliona kwamba sehemu kubwa ilitokana na mvuke. Jambo hili lina maana, kwa sababu zebaki ina njia mbili za kumfikia mtu: kwa mvuke, au kwa samaki walioishi kwenye maji yaliyochafuliwa. Njia ya samaki ndiyo iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa wachimbaji wa Rwamagasa, adui wa kwanza alikuwa ule moto wa kuchomea.

Hapo tunaona faida ya utafiti. Kabla yake tungeweza kusema tu kwamba zebaki ni mbaya. Baada yake tunaweza kumwambia mtu jambo mahususi: usichomee ndani ya nyumba, usichomee kwenye chombo cha kupikia, usimweke mtoto karibu, mjamzito asikaribie kabisa; na kama kikundi chenu kinaweza, mpate kifaa kilichofungwa kinachonasa mvuke, ambacho pia kinaokoa zebaki ikatumika tena.

Kazi ya Rwamagasa ilikuwa sehemu ya mradi wa Umoja wa Mataifa uliohusisha pia Brazili, Indonesia, Laos, Sudan na Zimbabwe. Maarifa ya namna hiyo ndiyo yaliyoandaa njia ya Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe ni kuchoma zebaki hadharani bila kifaa, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Papa Fransisko naye, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 51, alitaja uchafuzi wa zebaki katika uchimbaji wa dhahabu kama mfano wa deni ambalo nchi tajiri zinadaiwa na nchi zinakotoka malighafi.

Safari ya utafiti hadi jaridani

Si kila mwenye karatasi na kalamu ni mtafiti. Nchini mwetu, anayetaka kufanya utafiti huomba kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Ukihusu afya ya binadamu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) huupitia kwanza kuona kama unalinda utu wa washiriki. Kila mshiriki aelezwe utafiti unahusu nini, akubali kwa hiari, na awe huru kujitoa bila kuadhibiwa. Ndugu msomaji, akija mtu kijijini kwenu kuchukua damu, una haki ya kuomba kuona kibali chake, na pia kumuuliza atarudisha lini majibu.

Kazi ya uwanjani ikiisha, matokeo huchambuliwa na makala huandikwa. Mhariri wa jarida huwapelekea wataalamu wengine wa fani hiyo, ambao hawakushiriki, waikosoe. Wao huuliza: sampuli zilitosha? Hesabu ni sahihi? Hitimisho limezidi ushahidi? Makala inaweza kurudishwa mara mbili tatu, au kukataliwa kabisa. Mapitio hayo hayafanyi makala iwe neno la mwisho, ila yanaichuja. Kwa bahati mbaya yapo pia majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi amelipa. Kwa hiyo kusema tu kwamba jambo limo jaridani hakutoshi.

Baada ya kuchapishwa hutokea kikwazo kingine. Makala nyingi zimefungwa, na kuifungua moja kunaweza kugharimu dola 30 au zaidi. Hata hivyo milango ipo. Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, husomwa bure karibu kila mahali. Makala nyingi zaidi siku hizi zimeachwa wazi kwa wote. Aidha, tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya afya bure au kwa ada ndogo.

Mvua ya Meatu na uhai wa bibi zetu

Utafiti mwingine unaotuhusu haukufanywa maabara. Edward Miguel, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikusanya kumbukumbu za vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, wakati huo ikiwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Alitaka kujua kama njaa ina uhusiano na mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi. Makala yake ilitoka mwaka 2005 katika jarida la Review of Economic Studies.

Aliona kwamba katika miaka ya mvua iliyopotoka, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliohusika walikuwa ndugu zao.

Kwa nini mtafiti alitumia mvua? Kama angelinganisha tu familia maskini na familia tajiri, mtu angeweza kusema kwamba tofauti zao zinatokana na mambo mengine: elimu, ulevi, ugomvi wa urithi. Lakini mvua haiombi ruhusa kwa mtu. Inapokosekana, inawakosa wote kijijini, wema kwa wabaya. Kwa hiyo mauaji yakipanda pamoja na ukame, kuna sababu nzito ya kuamini kwamba upungufu wa chakula na mali unachangia.

Sasa tuangalie mipaka yake. Utafiti huo hauelezi kila kitu. Ukame uko pia mahali ambapo vikongwe hawauawi, na njaa peke yake haimchagulii mtu wa kumwua. Mwanazuoni Mtanzania, Simeon Mesaki, aliyeandika kwa kina juu ya mauaji hayo Usukumani, anatukumbusha kwamba lazima tuangalie pia imani, historia na nafasi ya mwanamke katika jamii. Wote tunajua habari ya macho mekundu, ambayo kwa bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi ni alama ya moshi tu. Tafiti hizi mbili tunazisoma pamoja.

Kwa mchungaji, somo lake liko wazi. Mvua ikikatika mwezi Januari na mahindi yakakauka, ndio wakati wa jumuiya kuwatembelea vikongwe wanaoishi peke yao, wa Karitasi kuwapa kipaumbele, na wa mahubiri kutaja dhambi hii kwa jina lake. Tusingoje msiba.

Vivyo hivyo kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake wawili, Jesper Jønsson na Richard Sherrington, waliandika katika Journal of Modern African Studies kwamba magazeti yaliyaeleza mauaji hayo kama ushenzi wa kale, kumbe yalifungamana na mbio za sasa za dhahabu na almasi. Wachimbaji walitafuta bahati, na waganga wakawauzia hirizi. Maelezo haya yanawanyima wauaji kisingizio cha mila. Pia yanamgusa moja kwa moja mchimbaji anayekuja kanisani: fedha yake ndiyo soko la uovu huo, na yeye anaweza kulifunga.

Utafiti mmoja hautoshi

Tusije tukadhani kwamba kila utafiti ukitoka basi jambo limekwisha. Mwezi Agosti 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo kutoka Mkoa wa Mwanza, ambao wakati ule Geita ilikuwa mojawapo ya wilaya zake. Watafiti walichukua maeneo 12 ya vijijini na kuyapanga mawili mawili yanayofanana. Katika kila jozi, kura iliamua eneo moja lianze mara moja kupata matibabu bora ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vyake vya afya. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa VVU walikuwa asilimia 1.2 kwenye maeneo yenye huduma hiyo na asilimia 1.9 kwenye mengine. Maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Habari hiyo ilienea dunia nzima.

Mwaka 1999 jarida lilelile likachapisha utafiti wa Rakai, nchini Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Huko watu wazima wote walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi kumi, wenye dalili na wasio nazo. Maambukizi ya VVU hayakupungua.

Nani alisema uongo? Hakuna. Rakai ugonjwa ulikuwa umeshaenea sana, wakati Mwanza ulikuwa bado haujafika kiwango hicho. Mwanza wagonjwa walitibiwa kila walipofika na dalili zao, mwaka mzima. Rakai dawa zilikuja kwa zamu. Wataalamu walikaa miaka mingi wakilinganisha hizo mbili, na kutokana na mvutano huo wakajifunza kwamba dawa ileile inaweza kufaa mahali pamoja na kwa wakati fulani, isifae kwingine. Anayesoma habari za Mwanza bila za Rakai amesoma nusu.

Mwalimu akiwa mwanakijiji

Mara nyingine msomi huja kujifunza kile ambacho wazee walikijua tayari. Wasukuma tangu zamani walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, kisha inafunguliwa kiangazi mifugo inapokuwa haina kitu. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa kuondoa mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 ngitili nyingi zilibaki bila mwenyewe. Ardhi ikabaki tupu.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Baada ya miche ya kigeni kusumbua, wataalamu waligeukia ngitili na kuwaachia wanakijiji waongoze. Mradi ulipoanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ulikadiria kwamba kuni, malisho, dawa, asali na nguzo za ngitili zilimpa kila mtu faida ya dola 14 kwa mwezi. Matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikadiriwa kuwa dola 8.50. Mzee aliyeambiwa kwamba ngitili ni mambo ya kizamani sasa ana hesabu ya kumjibu mjukuu wake.

Maswali ya kuuliza

Frateri anayesoma utafiti, au mwamini aliyesikia redioni kwamba watafiti wamegundua jambo, ajiulize haya:

1. Walichunguzwa watu gani, wangapi, na wapi? Matokeo ya wachomaji wa Rwamagasa tusimbandike mkulima wa Maswa.

2. Walilinganishwa na nani? Bila watu wa Katoro, tusingejua kama mikono ya Rwamagasa inatetemeka kuliko ya wengine.

3. Je, mambo mawili yanaenda pamoja tu, au moja linasababisha lingine? Kumbuka kwa nini mvua ilitumika Meatu.

4. Wengine wamepata nini? Kumbuka Mwanza na Rakai.

5. Nani alitoa fedha, na nani atafaidika na jibu hilo?

6. Waandishi wenyewe wamekiri upungufu gani? Makala nzuri huwa nayo sehemu hiyo, na isipokuwepo tuwe na mashaka.

Kazi iliyo mbele yetu

Kanisa katika kanda hii halikosi vyombo. Hospitali ya Bugando na chuo kikuu cha afya kilicho hapo Mwanza ni vya Baraza la Maaskofu, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kipo Malimbe. Humo wamo walimu na maktaba. Seminari zetu zina vijana wanaosoma Kiingereza na wanaozungumza Kisukuma, Kiswahili na lugha nyingine za waamini. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa katikati wa kuichukua makala na kuieleza kwa lugha ya nyumbani, kwa unyofu, bila kuongeza chumvi wala kupunguza.

Tunapendekeza jambo dogo. Kila frateri anayekwenda parokiani likizo achague utafiti mmoja uliofanyika katika eneo hilo au jirani. Ausome na mlezi wake au na mganga wa zahanati, wahakiki kwa pamoja, kisha auandike kwa Kiswahili chepesi kwenye ukurasa mmoja: walichokifanya, walichokiona, wasichoweza kukisema, na cha kufanya. Ukurasa huo usomwe kwenye jumuiya ndogondogo na kwenye mkutano wa WAWATA, na muda wa maswali uwe mrefu kuliko wa maelezo. Swali ambalo halikujibiwa liandikwe na kupelekwa kwa watafiti wenyewe. Anwani zao huwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala.

Parokia zilizo kwenye machimbo zianze na zebaki. Wapo kina mama watakaochoma dhahabu jioni ya leo, mtoto akiwa mgongoni, kwenye jiko litakalopikiwa ugali saa moja baadaye. Wenzao wa Rwamagasa walitoa damu na nywele zao ili jambo hilo lijulikane. Tuanze kwa kumwambia huyo mama aliyeko jirani nasi autoe moto nje, na mtoto ampe bibi yake amshike mbali na moshi.